Laptopu ya kazi nzito: Nguvu au wepesi? Fundi wa Keko apige hesabu kwanza

UKIPITA Keko, wilayani Temeke, jijini Dar es Salaam, utaona makochi, vitanda na makabati yamepangwa kando ya barabara, na nyuma yake utasikia misumeno na randa zikiunguruma tangu asubuhi. Eneo hilo limejulikana kwa samani kwa miaka mingi, na mkazi wa Tandika, Mbagala au hata Kinondoni anayetaka kabati au meza ya chakula aghalabu huanzia hapo.

Biashara ni ile ile, lakini mteja amebadilika. Zamani alichagua kwa kunyoosha kidole na kusema, "Nitengenezee kama lile." Siku hizi anakuja na picha kwenye simu. Anataka kabati la jikoni litakaloingia kwenye kona ya nyumba yake ya Chamazi, lenye rangi anayoipenda yeye, na anataka alione kwanza kabla hajatoa advansi. Fundi anayeweza kumwonyesha jiko lake likiwa limekamilika, wakati mbao bado hazijakatwa, ana nafasi nzuri zaidi ya kupata kazi kuliko jirani yake mwenye penseli na karatasi.

Ndiyo maana kompyuta imeanza kuonekana kuwa kifaa cha useremala kama ilivyo randa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo likijibiwa vibaya hula mtaji wa miezi kadhaa: fundi anunue laptopu kubwa yenye nguvu, au ndogo inayobebeka? Muuzaji dukani naye ana jibu lake la tatu, lenye bei kuliko yote. Ni laptopu ndogo ya gemu, ambayo husifiwa kuwa ina nguvu ya ile kubwa na wepesi wa ile ndogo.

Sifa hizo zina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Kwa nini kompyuta ya gemu

Mtu anaweza kushangaa seremala na gemu vinahusianaje. Jibu liko kwenye kadi ya picha. Gemu za kisasa zinahitaji kompyuta ichore vitu vyenye kina, kivuli na mwanga, mara nyingi kwa sekunde moja. Kazi hiyo hufanywa na kadi maalumu ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe. Programu zinazotoa picha ya jiko au sebule inayofanana na halisi, kama vile Lumion na Enscape, hutegemea kadi ya aina hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa kijana wa Mbagala anayehariri video za harusi.

Hata hivyo, kazi ya fundi ina sehemu mbili, na si zote zinazohitaji kadi kubwa. Sehemu ya kwanza ni kuchora lenyewe kabati: urefu, upana, milango, droo. Programu ya SketchUp, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo mafundi wengi wa samani na wachoraji wa nyumba wanaifahamu, kwa sehemu hiyo hutegemea zaidi kasi ya prosesa. Sehemu ya pili ni kuligeuza lile umbo kuwa picha yenye mwanga wa dirisha na mng'ao wa marumaru. Hapo ndipo kadi ya picha hutoa jasho.

Fundi akizitenganisha sehemu hizo mbili kichwani mwake, tayari amepata nusu ya jibu. Anatakiwa kujiuliza: Sehemu ile nzito naifanyia wapi? Karakanani, au mbele ya mteja?

Mvutano wa tangu zamani

Kuvutana kwa nguvu na wepesi si jambo geni. Mwaka 1981 ilitoka Marekani kompyuta iliyoitwa Osborne 1, iliyouzwa kwa dola 1,795 na kutangazwa kuwa ya kubebeka. Ilikuwa na umbo la cherehani ya mkononi, uzito wa zaidi ya kilo 10, kioo cha inchi 5, na haikuwa na betri ndani yake. Iliitwa ya kubebeka kwa sababu ilikuwa na mkono wa kushikia.

Watengenezaji wa kompyuta za gemu nao walipita njia zote mbili. Mwaka 2010 Alienware ilitoa M11x yenye kioo cha inchi 11.6 na uzito wa kilo 2 hivi. Ilibebeka, lakini nguvu yake ilikuwa ya wastani. Mwaka 2017 Acer ikaingiza sokoni Predator 21 X yenye kioo kilichopinda cha inchi 21. Nguvu ilikuwa tele, lakini uzito ulizidi kilo 8, na bei yake Marekani ilikuwa dola 8,999. Hiyo ilikuwa laptopu kwa jina tu.

Mwaka huo huo wa 2017 kampuni ya Nvidia, inayotengeneza kadi za picha, ilileta mpango ulioitwa Max-Q, wa kuziendesha kadi zenye nguvu kwa umeme kidogo ili ziingie kwenye laptopu nyembamba. Kisha mwaka 2020 Asus ikatoa ROG Zephyrus G14, yenye kioo cha inchi 14 na uzito wa kilo 1.6 hivi, ikiwa na prosesa na kadi ambazo miaka michache kabla zingehitaji mashine nzito zaidi. Tangu hapo kampuni nyingi zimefuata njia hiyo, na inchi 14 imekuwa kipimo kinachowavutia wanaotaka vyote viwili.

Jina moja, nguvu mbalimbali

Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kufungua macho. Kadi mbili zenye jina moja si lazima ziwe na nguvu moja.

Seremala analielewa jambo hili kwa mota. Mota mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja na kupakwa rangi moja, lakini moja ikawa ya nguvu-farasi 1 na nyingine ya 3. Anayesoma jina la kiwanda tu bila kusoma kibati cha ubavuni atajuta ubao mgumu utakapofika kwenye msumeno. Kadi za picha za laptopu nazo ni hivyo hivyo. Kadi ya RTX 4060 ya laptopu, kwa mfano, inaweza kupangwa na mtengenezaji kutumia kuanzia wati 35 hadi wati 115. Kwenye tangazo la dukani zote zinaandikwa RTX 4060. Ile ya wati 35 iliyobanwa ndani ya laptopu nyembamba haiwezi kwenda sambamba na ile ya wati 115 iliyo ndani ya laptopu nene.

Sababu kubwa ni joto. Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa na kadi huishia kuwa joto, na joto hilo lazima litolewe nje kwa feni na vyuma vya kupoozea. Laptopu nene ina nafasi ya feni kubwa na vyuma vingi. Nyembamba haina. Joto likizidi, kompyuta hujilinda kwa kupunguza kasi yenyewe. Mwenye nayo huona kazi iliyoanza kwa mbio inazidi kuwa nzito baada ya dakika chache, na hudhani ni virusi.

Jijini Dar es Salaam jambo hili lina uzito zaidi. Mwezi Februari joto la mchana hufika nyuzi 32 hivi, na ndani ya karakana yenye paa la bati huwa zaidi ya hapo. Feni haiwezi kupooza chini ya joto la hewa inayoivuta. Laptopu iliyopimwa na kusifiwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi haitafanya hivyo hivyo chini ya bati la Keko.

Chaja ikichomolewa

Jambo la pili linalofichwa na sifa za dukani ni kwamba laptopu ya gemu isiyokuwa kwenye umeme si laptopu ya gemu tena. Betri haiwezi kutoa umeme wote ambao prosesa na kadi zinautaka kwa pamoja, hivyo kompyuta hupunguza kasi mara tu chaja inapochomolewa.

Hesabu yake ni rahisi. Zephyrus G14 ya mwaka 2020 ilikuwa na betri ya wati-saa 76. Kwa kazi nyepesi inayokula wati 12, kama kuandika ankara, betri ya namna hiyo ikiwa mpya ina umeme wa saa 6 hivi. Kwa kazi nzito inayokula wati 90, umeme huo huo unakwisha kwa dakika 50. Wala mtu asitarajie betri kubwa zaidi sana, kwa kuwa mashirika ya ndege huruhusu abiria kubeba betri isiyozidi wati-saa 100 bila kibali, na watengenezaji hukomea hapo.

Kwa mfanyabiashara wa Temeke hili si jambo la nadharia. Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, na bwawa zima lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini hata umeme ukiwapo wa kutosha kwenye gridi, transfoma ya mtaa huweza kuharibika, na LUKU huweza kuisha mteja akiwa amekaa kwenye kiti.

Chaja nayo ni mzigo. G14 hiyo ilikuja na chaja ya wati 180, na chaja za namna hiyo huongeza nusu kilo au zaidi kwenye begi. Anayelinganisha uzito anatakiwa kupima laptopu pamoja na chaja yake. Laptopu nyingi za sasa hupokea pia umeme kwa tundu la USB-C, na chaja zake ni ndogo, lakini kiwango hicho kilikomea wati 100 hadi mwaka 2021 kilipopandishwa kufikia wati 240. Chaja ndogo inatosha kwa kuchora. Kwa kutoa picha nzito, ile kubwa inabaki kuwa ya lazima. Aidha, mwenye paneli moja ya sola ya wati 100 asitegemee kuilisha chaja ya wati 180.

Bili ya umeme, kwa upande mwingine, isimtishe mtu. Tuseme uniti moja inagharimu shilingi 350. Laptopu inayokula wati 150 kwa saa nne hutumia uniti 0.6, yaani shilingi 210. Ile nyepesi ya wati 30 kwa muda huo huo hutumia shilingi 42. Tofauti ni shilingi 168 kwa siku. Umeme wa laptopu yenye nguvu haumfilisi fundi. Kinachomtia hasara ni umeme kutokuwapo pale anapouhitaji.

Vumbi la mbao

Kuna adui mwingine ambaye seremala anaishi naye, nalo ni vumbi la mbao. Feni ya laptopu huvuta hewa ya chumba, na unga wa mninga au wa MDF hujaa kwenye mapezi membamba ya chuma cha kupoozea. Mapezi yakiziba, joto halitoki, na mashine huanza kupunguza kasi hata kwa kazi ndogo. Laptopu nyembamba ina njia finyu zaidi za hewa, hivyo huumia mapema.

Fundi mwenye nia ya kutunza mali yake aitenge kompyuta na eneo la msumeno, hata kama ni kwa chumba kidogo chenye mlango unaofungwa. Asiiweke juu ya kitambaa wala godoro, na ampelekee fundi wa kompyuta aisafishe kabla haijaanza kupiga kelele. Gharama ya kusafisha ni ndogo kuliko ya kubadili ubao mama.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mifano mitatu.

Wa kwanza ni fundi ambaye huenda kwa mteja na futi kupima jiko, kisha hurudi karakanani kuchora usiku. Kesho yake hupeleka picha. Huyu hahitaji laptopu ya gemu, ndogo wala kubwa. Kompyuta ya mezani yenye kadi nzuri na kifaa cha kuhifadhi umeme cha UPS itampa nguvu zaidi kwa fedha ile ile. Hupoa vizuri, na ikiharibika hubadilishwa kipande kimoja kimoja. Kinachosafiri ni picha, na picha husafiri kwenye simu au tableti. Mteja hanunui kompyuta ya fundi, ananunua jiko.

Wa pili ni yule ambaye humaliza mauzo mbele ya mteja. Mama mwenye nyumba anauliza, "Fundi, haya makabati tukiyapaka kijivu, na hili la juu tukiliondoa, itakuwaje?" Naye anajibu, "Subiri kidogo mama, uone mwenyewe." Anabadili hapo hapo, mteja anaridhika, advansi inatoka. Mabadiliko ya namna hiyo, ya rangi na umbo, ni ile sehemu ya kwanza ya kazi. Laptopu nyepesi ya kilo moja na nusu yenye prosesa nzuri, bila kadi kubwa, inaimudu michoro ya kawaida na kukaa na betri muda mrefu. Picha za mwisho zitatolewa karakanani.

Wa tatu ni yule ambaye kazi nzito yenyewe inafanyika ugenini. Huyu ni mpiga video wa sherehe anayetakiwa kuonyesha ukumbini, usiku ule ule, video ya ndoa iliyofungwa mchana. Au ni mchoraji asiye na ofisi, anayehama kutoka eneo moja la ujenzi hadi jingine na kutoa picha zake kwenye meza ya mteja penye soketi. Kwa hawa, laptopu ndogo ya gemu ina haki ya bei yake, kwa kuwa hakuna kifaa kingine kinachoziba pengo hilo.

Kwa wengine ni bora wapige hesabu. Tuseme laptopu ndogo yenye nguvu ni shilingi milioni 3.6, na nene yenye nguvu hiyo hiyo ni shilingi milioni 2.7. Tuseme pia kabati moja la jikoni humwachia fundi faida ya shilingi 400,000. Ile ndogo ni faida ya makabati tisa. Tofauti ya shilingi 900,000, ambayo ni bei ya wepesi peke yake, ni faida ya makabati mawili na robo. Kama kuibeba hakutamletea kazi hizo mbili na zaidi, analipia wepesi ambao hautamrudishia kitu.

Mkulima na mfugaji

Mfugaji wa kuku wa Chamazi au mkulima wa mihogo wa Mkuranga anayetaka kompyuta ya kuweka hesabu za chakula, chanjo, mayai na madeni asishawishiwe na taa za rangi za laptopu ya gemu. Hesabu hizo haziigusi kadi ya picha hata kidogo. Kwake yeye kilo chache na betri inayodumu ndivyo vya kutazamwa. Fedha itakayobaki inunue vifaranga au mbegu.

Kabla ya kutoa fedha

Anayeamua kununua, mpya au iliyotumika, afanye mambo haya dukani bila aibu.

Kwanza, aulize wati za kadi, si jina lake tu. Kwa kadi za Nvidia, kiwango cha juu cha nguvu huonekana kwenye taarifa za mfumo ndani ya programu ya Nvidia Control Panel.

Pili, aipe kompyuta kazi nzito kwa dakika 20 ikiwa kwenye chaja, kisha aichomoe na kurudia. Asikilize feni, aguse sehemu ya vitufe, na aone kasi inashuka kiasi gani.

Tatu, kwa iliyotumika yenye Windows, aombe ripoti ya betri kwa amri ya powercfg /batteryreport. Ripoti hiyo huonyesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa inajaa kiasi gani. Iliyokuwa na wati-saa 76 ikawa inajaa 38 imebaki nusu, na bei nayo ijadiliwe hivyo.

Nne, aulize kama kumbukumbu ya RAM inaweza kuongezwa. Katika laptopu nyembamba mara nyingi imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Kumbukumbu ya kadi ya picha haiongezeki kabisa.

Tano, adai risiti ya EFD na masharti ya dhamana kwa maandishi. Aidha, aweke kwenye bajeti gharama ya programu zenye leseni. Blender, inayochora na kutoa picha, ni ya bure na inaweza kumfaa anayeanza.

Mshika mawili moja humponyoka, na laptopu ndogo ya gemu imejitahidi kuyashika yote mawili kuliko mashine nyingine za kabla yake. Lakini inayashika kwa bei, kwa joto na kwa chaja iliyo karibu na soketi. Seremala hakati ubao kabla ya kupima. Kabla hajaingia dukani, basi, aandike kwenye karatasi kazi zake za mwezi mmoja uliopita: ipi ilifanyika karakanani, ipi ilifanyika kwa mteja, na ipi kati ya hizo ilihitaji nguvu. Karatasi hiyo itamwambia anunue nini.